Unasihi kwa njia ya simu na mtandao: unamsaidiaje mtu mzima aliyeelemewa na mawazo?

Mwalimu wa Kitangari

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Newala, mwanamke wa makamo mwenye watoto. Namuuguza mama yangu mzazi aliyepata kiharusi, mume wangu anafanya kazi mbali na hurudi nyumbani mara chache, na mkopo tuliouchukua kwa ajili ya shamba la mikorosho unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi, bei ya korosho mnadani ipande au ishuke. Usingizi umenipotea. Napitiwa kidogo karibu na alfajiri, kisha naingia darasani nikiwa nimechoka kabla kazi haijaanza. Hasira ziko karibu, machozi yako karibu, na shughuli za wenzangu nilizokuwa nikizikimbilia sasa natafuta sababu za kutokwenda. Sina fikra za kujidhuru. Nalisema hilo mapema ili msihangaike.

Zahanati walinipima presha na malaria, wakaniambia kwamba sina ugonjwa ila nina mawazo mengi, nijitahidi kupumzika. Mwalimu mwenzangu amenieleza kuwa kuna wanasihi, yaani wataalamu wa ushauri nasaha, wanaofanya kazi kwa simu na kwa mtandao, na kwamba yeye alisaidiwa baada ya kufiwa. Nimevutiwa, lakini nina mashaka. Mtu aliye Dar es Salaam au Mtwara Mjini, ambaye hajawahi kuniona, atanisaidia kwa lipi hasa? Je, tunazungumza tu, au kuna kazi inayofanyika? Pili ni siri: mimi ni mwalimu, na hapa kila mtu ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Tatu, nyumba yangu ina watu wengi na mtandao wetu unakatika ovyo. Naomba majibu ya watu wanaolifahamu jambo hili kwa vitendo.

Mnasihi wa Shangani

Pole sana, Mwalimu, kwa kumuuguza mama na kwa hayo mengine uliyoyabeba pamoja naye. Mimi ni mnasihi hapa Mtwara Mjini, na sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia wako Masasi, Nanyumbu, Liwale na vijiji ambavyo mtu akitaka kunifuata ofisini atapoteza siku nzima na nauli. Nitajibu swali lako la kwanza kwa urefu, kwa sababu ndilo watu wengi huliogopa kuliko mengine.

Kuna kazi inayofanyika. Kikao huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na kile cha kwanza ni cha kufahamiana na kupima hali. Nitakuuliza kuhusu usingizi, hamu ya chakula, maumivu ya mwili, pombe, dawa unazotumia, hedhi, na nitakuuliza waziwazi kama umewahi kuwaza kifo, kwa kuwa kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi wetu hutumia pia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Linaangalia wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na mtu anayefikisha 10 au zaidi anastahili kuchunguzwa kwa makini kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu. Alama hizo peke yake hazitoshi kumwambia mtu kuwa ni mgonjwa. Faida yake kubwa ni kwamba tukizirudia baada ya vikao kadhaa, tunaona kama tunasogea au tunazunguka palepale.

Baada ya hapo tunakubaliana tunataka nini kibadilike, kwa maneno yanayopimika. "Nataka niwe na furaha" ni shabaha ngumu kuifuata. "Nataka nilale angalau kuanzia saa sita, na niache kuwafokea watoto asubuhi" inafuatika. Kwa mtu mwenye hali kama yako, huenda tungeanza na usingizi: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutoendelea kulala macho kitandani kwa muda mrefu, kutenga nusu saa ya jioni ya kuandika yote yanayokusumbua ili yasikusubiri gizani. Kisha tungezitazama zile fikra zinazokuja zenyewe. Mtu anayeuguza mzazi mara nyingi hubeba sentensi moja kichwani, kwa mfano "nikipumzika namtupa mama," na hajawahi kuisema kwa sauti mbele ya mtu. Akiisema na kuulizwa inatoka wapi, na ni nani aliyemwambia hivyo, huanza kuipima badala ya kuitii. Tungerejesha pia, kidogo kidogo, mambo uliyoyaacha: kwenda kwenye shughuli moja kwa muda mfupi, hata kama hamu haipo, kwa sababu kwa mtu mwenye huzuni ya muda mrefu hamu huja baada ya tendo mara nyingi kuliko kabla yake. Na tungefanya mazoezi ya mazungumzo magumu, kwa mfano namna ya kumwambia kaka yako kwamba zamu ya kumuuguza mama ni ya watoto wote. Mimi nakuwa kaka, wewe unasema. Tunarudia mpaka maneno yakae.

Je, haya yanawezekana pasipo kuonana? Utafiti juu ya tiba ya mazungumzo kwa mtandao umefanyika kwa miaka mingi, hasa Sweden, na kwa sonona na wasiwasi wa kiwango cha kawaida matokeo yake yamekaribiana na yale ya ana kwa ana, ilimradi kuna mtaalamu anayemfuatilia mtu. Programu za kujisomea peke yako, zisizo na binadamu upande wa pili, watu huziacha njiani. Hata kusaidiana kwa simu si jambo la jana: kasisi Chad Varah alianza huduma ya kuwasikiliza kwa simu watu waliokata tamaa mjini London mwaka 1953. Na wenzetu wa Zimbabwe wameonyesha jambo jingine lenye uzito kwetu. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwaongoza kutatua tatizo moja moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa watu waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nalitaja hilo, ijapokuwa halikufanyika kwa mtandao, kwa sababu linaonyesha kwamba kinachofanya kazi ni usikivu wenye mpangilio na ufuatiliaji, na hivyo vinaweza kupita kwenye waya.

Kuna kinachopotea, sitakuficha. Kwa sauti peke yake sioni mikono inayotetemeka wala macho yaliyovimba, na ukimya wa simu una utata: sijui kama unalia au mtandao umekata. Kwa hiyo nauliza zaidi ya vile ningeuliza ofisini, na ninamwomba mtu aniambie "bado nipo" anapohitaji kunyamaza.

Huduma hii pia haimfai kila mtu. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekaa siku kadhaa bila kulala wala kuhisi uchovu, mwenye mpango wa kujiua, au anayeishi na mtu anayempiga na kumkagua simu, anahitaji kuonwa ana kwa ana. Mnasihi haandiki dawa. Kwa huku kwetu mtu huyo aanzie hospitali ya wilaya au zilizo juu yake, kama Ligula hapa Mtwara, Sokoine kule Lindi, Ndanda kwa walio upande wa Masasi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Na kama hatari ni ya usiku huohuo, aende kituo chochote cha afya kilicho karibu na asiachwe peke yake njiani.

Mzee wa Mikindani

Mwanangu Mwalimu, pole. Nimeyasoma maelezo ya Mnasihi na nayaheshimu, lakini mimi naona tunaanzia mbali. Kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba hakuwekwa pale kwa ajili ya kula ubwabwa wa harusi. Mwanamke anapozidiwa namna hii, kuna wajomba, kuna dada za mama, kuna kungwi wake aliyemfunda, na wote hao wanayajua maisha yake tangu hajaota meno. Leo mtu anawaruka hao wote na kwenda kumlipa mgeni wa kwenye simu amsikilize kwa saa moja.

Na jambo la pili. Nikiisoma habari yako, nusu ya ugonjwa wako ni kazi. Mnasihi hatakuja kumgeuza mgonjwa kitandani wala kufua mashuka, na benki haitasimamisha makato kwa sababu umefundishwa kupumua. Itisha kikao cha ukoo kwanza. Zamu zikipangwa na mtu mmoja akaletwa kutoka kijijini kukaa na bibi, usingizi utarudi wenyewe, na hiyo fedha ya mnasihi utamlipa huyo msaidizi.

Karani wa Nachingwea

Shikamoo, mzee wangu. Hoja yako ya zamu ni ya kweli na ningependa Mwalimu aichukue. Ila niruhusu nitofautiane nawe kidogo kuhusu ukoo, kwa sababu mimi nilipozidiwa, mjomba ndiye aliyekuwa upande wa pili wa ugomvi. Tulikuwa na shauri la mashamba ya marehemu mama, na kila mtu ambaye ningemweleza alikuwa na lake ndani ya jambo hilo. Nilihitaji mtu asiye na mkorosho hata mmoja kati ya ile tunayoigombania.

Mwalimu, mimi ni karani katika chama cha msingi cha wakulima. Wakati wa minada mtu unaweza kuamka na kukuta wakulima wamekaa barazani wakidai malipo ambayo hayapo mkononi mwako, na usiku simu haikomi. Nilitumia unasihi wa simu kwa misimu miwili, kwa hiyo nitakueleza upande wa vitendo ambao wataalamu huwa wanaupita haraka.

Mnasihi wangu wa kwanza sikudumu naye. Alikuwa mtu mwema, lakini alizungumza kuliko mimi, na kila kikao kiliishia kuwa mawaidha. Mawaidha nilikuwa nayapata ya kutosha, tena bure. Wa pili alikuwa anauliza swali na kulisubiri jibu lake, hata likichelewa. Basi usione haya kubadilisha. Ukiona baada ya vikao viwili au vitatu kwamba unamficha mambo au unamwogopa, mwambie, na ikibidi tafuta mwingine. Lipa kikao kwa kikao mpaka umwamini, usikubali kununua furushi zima mapema. Muulize amesomea wapi, yuko chini ya chama gani cha taaluma, na yeye mwenyewe anasimamiwa na nani. Anayestahili atajibu bila kukasirika. Anayekuahidi kwamba utapona ndani ya wiki, anayekuuzia dawa za mitishamba juu ya mazungumzo, au anayetaka kukuingiza kwenye kundi la WhatsApp la "wateja" wake, huyo mwache.

Kuhusu mtandao: simu ya video ni nzuri kwa kikao cha kwanza ili mwonane nyuso, lakini inakula bando na huku kwetu inakwama kila mara. Tulipatana kwamba kikao ni cha sauti, na kama intaneti ikikata zaidi ya mara moja, yeye ananipigia kwa simu ya kawaida bila kujadiliana. Mpango huo uliniokoa Mei 2024, kile kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, na kabla hatujakaa sawa nyaya za mkongo wa baharini zikakatika pia tarehe 12, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Ndicho kipindi nilichohitaji kuzungumza kuliko vyote. Simu ya kawaida ilifanya kazi.

Faragha nayo ina hila zake. Nyumbani kwangu ukuta haufiki darini, kwa hiyo kila neno la chumbani linasikika sebuleni. Nilikuwa nabaki ofisini baada ya wenzangu kuondoka, nimevaa visikizi, na redio ikiwa mlangoni kwa sauti ya wastani. Mwenzangu mmoja alikuwa anakwenda shambani kwake na kukaa chini ya mkorosho. Wapita njia walidhani anaongea na mchumba. Kuna saa ambazo sikuweza kusema chochote, basi nilimwandikia ujumbe mrefu naye akanijibu kesho yake. Maandishi hayana joto la sauti, lakini yana faida kwamba unaweza kuyarudia. Bado ninayo yale aliyoniandikia kuhusu namna ya kumjibu mtu anayekufokea kwa jambo ambalo huna mamlaka nalo, na nayasoma kila minada inapokaribia.

Wakili Lindi Mjini

Naongeza kuhusu siri tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya anapaswa kukueleza anazichukua kwa madhumuni gani na kupata ridhaa yako, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza, uliza kwa maandishi: maelezo yangu yanahifadhiwa wapi, nani mwingine anayaona, je, mazungumzo yanarekodiwa, na nikiacha huduma yanafutwa lini. Uliza pia mipaka ya usiri wenyewe, kwa kuwa hakuna mnasihi makini atakayeahidi kunyamaza endapo maisha ya mtu yako hatarini au mtoto anadhuriwa.

Lakini katika mashauri niliyoyaona, siri huvuja kwenye simu ya mwenyewe. Simu inakaa mezani, mtoto anacheza gemu, ujumbe unajitokeza juu ya kioo. Weka neno la siri, zima ujumbe usionekane simu ikiwa imefungwa, na jina la mnasihi lihifadhi kwa namna isiyomwita mtu kuuliza.

Mwalimu wa Kitangari

Nawashukuru nyote, na mzee wangu wa Mikindani shikamoo. Kaka zangu nitawapigia juu ya zamu, hilo nimelikubali, ingawa nakiri kwamba kuwapigia ndiko kunakonitisha kuliko kitu kingine. Limebaki moja. Mume wangu hajui hali yangu imefika wapi. Kila akipiga simu namwambia tuko salama. Je, nianze unasihi kwanza kisha nimweleze, au nimweleze kwanza? Sitaki aione gharama kwenye simu yangu akadhani ni jambo jingine.

Mnasihi wa Shangani

Mzee wa Mikindani amesema jambo ambalo na mimi ningelisema kikaoni: mzigo wa kazi haupunguzwi kwa maneno. Ninachoweza kuongeza ni kwamba wengi wanaonipigia wanajua tangu mwanzo kuwa kikao cha ukoo kinahitajika, lakini hawana nguvu ya kukiitisha, au wamekwisha kukiitisha wakaambiwa wavumilie. Mwalimu mwenyewe amesema kwamba kuwapigia kaka zake ndiko kunakomtisha. Hapo ndipo vikao viwili vya maandalizi vinapofaa. Huku kwetu nimeona pia kwamba mawazo yana msimu wake: miezi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, fedha za korosho zilizopita zimekwisha na za mbele hazijulikani, simu huwa nyingi. Ukoo nao unakuwa umebanwa wakati huohuo.

Kuhusu mumeo, ni haki yako kuanza bila idhini ya mtu. Hata hivyo, kwa kuwa hujataja kwamba unamwogopa, na kinachokuzuia ni kutotaka kumtia wasiwasi, mimi ningependelea ajue mapema, tena kwa sentensi chache: kwamba hulali, kwamba zahanati wamekupima na kukueleza kuwa ni mawazo, na kwamba umepata mtaalamu wa kuzungumza naye kila wiki kwa gharama fulani. Usimweleze yote kwa simu moja. Akiuliza amekosea nini, mwambie mtalizungumza atakaporudi. Na kama likiwa zito, mnasihi anaweza kuwaweka wote wawili kwenye simu moja, yeye akiwa huko aliko na wewe Kitangari, jambo ambalo ofisini kwangu lisingewezekana.

Kwa kikao cha kwanza, chagua saa ambayo mama huwa amelala na huna madaftari ya kusahihisha. Andika kando majina ya dawa unazotumia, saa unazolala na kuamka kwa wiki hiyo, na namba ya mtu mmoja wa karibu ambaye mnasihi anaweza kumpigia ikitokea dharura. Chaji simu mchana, kwa maana umeme nao una mambo yake.